Urojo wa 12,000, halafu chatne unalipia pembeni

Wadau wa misosi habari zenu. Mie sio mtu wa kulalamikalalamika, chakula kikiwa kibovu nalipa naondoka zangu na siku ya pili nshasahau, ila hii ya juzi kati hapa imenikaa kooni mpaka leo kwahiyo mnivumilie.

Mama mdogo wangu kaja Dar kutoka Unguja kwa mambo ya hospitali. Huyu mama kauza urojo, ule mchuzi mchachu wa Kizanzibari wa viazi na badia, barazani kwake Kikwajuni miaka mingi kabla magoti hayajaanza kumsumbua, watu walikua wanapanga foleni na mabakuli kutoka majumbani kwao. Sasa nikasema jioni moja nimtoe nje na yeye akapunge upepo, nikampeleka kwenye mgahawa mmoja hivi mpya huku upande wa baharini, jina nalihifadhi, ile ya viti vya pallet na taa za njano na mziki hata hamsikilizani. Kwenye menyu nikaona urojo, 12,000. Nikajiambia sawa, mjini huku, kodi za watu kubwa, huenda umesheheni. Huo wa mtaani wa elfu mbili tatu tunakula kila siku.

Kusubiri tulisubiri sana ila hilo silishiki. Bakuli likaja. Zuri kwa macho, la udongo, na jani la giligilani juu kama kwenye picha. Nikachota kijiko cha kwanza, mchuzi unashuka taratiiibu, mzito, njano ya kung'aa ile ambayo manjano ya kawaida hayaitoi hata utie kopo zima. Viazi vipande viwili, badia moja imekatwa nusu (nusu! nyingine iko wapi?), na chipsi za muhogo zimeshalowana zote maana walizitia jikoni badala ya kuzitia mwisho kabisa mtu anapokabidhiwa. Uchachu hakuna kabisa, labda kwa mbali ile ndimu ya unga. Mama mdogo akaonja, akakoroga, akaonja tena, akaweka kijiko mezani akaniambia, "Mwanangu, mie naumwa magoti, uji wa mgonjwa wa nini?"

Nilicheka mpaka machozi, wallahi. Mpaka hapo bado nilikua na amani zangu, hata nilishapanga kuwapa nyota mbili kwa ajili ya bakuli.

Shida ilianza pale nilipomwita kijana anayehudumia. Nikamwambia, "Mdogo wangu, tuletee chatne ya nazi na pilipili, na kama kuna ukwaju tuongezee." Akasema, "Chatne ni 1,500 dada, pilipili 1,000. Ukwaju hatutumii." Nikadhani sijasikia vizuri kwa ule mziki, nikamuuliza tena, akarudia vilevile huku anaangalia simu yake. Yani urojo bila chatne! Nenda Forodhani kule Unguja, pamoja na kwamba siku hizi pamejaa watalii na bei zao, muuzaji anakuuliza mwenyewe pilipili kali au ya kiasi, anakumwagia chatne anakuongezea, hajawahi mtu kukutajia bei ya chatne. Nani anauza chai halafu sukari unalipia?

Mama mdogo, kwa upole wake wote, akamuuliza, "Baba, huu mmetia embe?" Maana kwao urojo ni embe mbichi, unaichemsha mpaka inalainika unaiponda, unga wa ngano unaukoroga pembeni kwenye maji ya baridi ndio unamimina huku mkono hausimami, ukisimama tu mabonge, na ndimu unakamulia mwisho. Embe kama sio msimu wake basi ukwaju. Yule kijana akamjibu, nanukuu kama alivyosema, "Mama, hii ndio urojo original ya Zanzibar, labda nyie hamjaizoea hii ya hotelini."

HAMJAIZOEA. Anamwambia nani? Nilisimama jamani. Mama mdogo ananivuta kanga niketi, watu wanageuka, nikamwambia aniitie mkubwa wake. Akaja kaka mmoja shati limenyooshwa, marashi yananukia kuliko chakula, wala hakusema pole, hakusema shikamoo kwa mtu mzima aliyekaa pale, akatuambia tu kwamba urojo wa barabarani na huu wao ni vitu viwili tofauti. Hapo kwa kweli alisema kweli, sina la kubisha.

Sasa niwe muungwana. Mishikaki yao ni hatari. Iliingia mezani katikati ya ugomvi, nikala kwa hasira, nikajikuta naagiza mingine. Nyama laini, imelazwa kwenye papai na tangawizi vizuri mpaka ndani, haijaungua, mkaa unausikia kwa mbali. Hata mama mdogo alikula akanyamaza, na yeye kwenye nyama hasifii hovyo. Kwahiyo ukiniuliza kama ni mgahawa mbaya nitasema hapana, jikoni kuna mtu anajua kazi yake ila urojo kaachiwa mtu mwingine. Nyota tatu basi.

Lakini risiti ilipokuja chatne ipo!! Ile ambayo hatukuletewa! 1,500 imekaa pale pamoja na pilipili. Nikaonyesha, yule kijana akavuta mdomo, akaenda akarudi akasema mashine imeshatoa risiti haiwezi kubadilishwa, wamletee tu mama chatne akale nyumbani. Na kweli wakaileta, kwenye kifuko, imeanza kuchacha. Tatu narudisha, nawapa moja, na hiyo ni ya yule mpishi wa mishikaki peke yake, wengine wasiiguse.

Nitarudi? Sijui, ile nyama bado naiota. Nikirudi ntakaa kaunta niagize mishikaki ya kubeba na niihesabu risiti kabla sijatoa hela, na nyie mkienda fanyeni hivyohivyo, ulizeni bei ya kila kibakuli kinachowekwa mezani hata kachumbari.

Ila kuna jambo nataka mnisaidie. Mama mdogo anarudi na boti wikiendi hii na ameshika msimamo kwamba Dar hakuna urojo. Mwenye kumjua mtu anayepika kwa embe au ukwaju wa kweli, Kariakoo, Magomeni, Ilala popote, hata kama ni ndoo na meza tu nje ya nyumba, aseme haraka. Nataka kumfunga mdomo kabla hajapanda boti.