Vitairi vya kabati, friza na toroli: sisi wa pwani tuanze na shingo

Malalamiko yanayonifikia yanafanana. Mama muuza maandazi wa Mikindani ana kabati la vioo ambalo halisogei tena, na kila jioni anawaita vijana wawili walinyanyue. Dada wa saluni pale Shangani, toroli yake ya vifaa inachora marumaru. Kikundi cha akina mama wabanguaji wa korosho wana rafu ya trei inayovuta upande mmoja kila wakiisukuma. Wote wananiuliza swali moja: dada, vitairi gani vinabeba uzito mkubwa zaidi?

Nimeangalia picha zao zote. Uzito haukuwa shida kwa hata mmoja wao. Tairi zenyewe nyingi bado nzima, mpira haujalika. Kilichokufa ni shingo, na hakuna muuzaji hata mmoja aliyewaambia waangalie shingo.

Shingo ni pale kati ya bamba linalofungwa chini ya kabati na ile mikono miwili inayoshika tairi. Ndani yake kuna gololi zinazozunguka kwenye njia yake, mara nyingi safu mbili, ya juu na ya chini, na pini moja katikati inayoshikilia kila kitu. Hiyo ndiyo inayokifanya kitairi kigeuke unapokata kona. Nilimwomba fundi akikate kwa grinda kimoja cha yule mama wa Mikindani. Kwa nje kilikuwa bado kinang'aa, ungesema cha wiki iliyopita. Ndani, gololi zilikuwa zimegandana katika unga wa kutu uliochanganyika na mchanga na unga wa ngano. Nyingine zimelika hadi hazina tena umviringo. Kitairi cha namna hiyo hakigeuki, kinaburutwa. Kikiburutwa kinapata ubapa upande mmoja, na ubapa huo ndio unaochora marumaru.

Chanzo ni chumvi. Upepo wa bahari unaibeba, inatua juu ya chuma, inavuta unyevu, na kutu inaanza hata kama mvua haijanyesha. Vitairi vingi vinavyouzwa kwetu ni chuma cha kawaida kilichopakwa zinki kwa umeme, na tabaka hilo lina unene wa maikroni chache tu. Maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Kwenye bamba zinki inadumu kiasi chake kwa sababu hakuna kinachoisugua. Kwenye njia ya gololi, gololi zenyewe zinaikwangua kwa kuzunguka, na chumvi inakuta chuma kitupu. Kwa hiyo kutu inaanzia mahali usipopaona, na siku unapoiona nje, ndani kazi ilishaisha.

Wasomaji wa Masasi, Newala na Nachingwea, ninyi mko mbali na bahari. Adui wenu ni vumbi jekundu, na grisi mara kwa mara itawatosha. Ninayoyasema hapa chini yanawahusu zaidi waliopo Mtwara mjini, Mikindani, Msimbati, Lindi mjini na Kilwa.

Dukani fanya hivi. Kamata kitairi kwa bamba, kigeuze tairi juu, kisha izungushe shingo kwa kidole kimoja. Iende laini bila kukwama na bila kelele ya kusaga. Halafu itikise kushoto na kulia. Ikicheza mno ikiwa mpya, baada ya miezi itakuwa inayumba kabisa. Sasa chungulia kwenye upenyo kati ya bamba na mikono. Ukiziona gololi kwa macho yako, chumvi nayo ina njia ya kuzifikia. Kitairi kizuri kina kifuniko au mpira unaoziba upenyo huo.

Ukimaliza, tazama ekseli, ile pini inayopita katikati ya tairi. Ikiwa ni bolti na nati, chukua. Unaweza kuifungua kwa spana, ukasafisha, ukapaka grisi, ukarudisha. Ikiwa ni ribiti iliyopigwa ncha zote mbili, huwezi kuigusa kamwe. Hapa nasisitiza, maana hata mafundi wazuri hulipita: pini ya chuma ikishika kutu inavimba ndani ya tundu la tairi, na tairi inagoma kuzunguka ingawa plastiki yake haina hata mkwaruzo. Watu wanatupa tairi nzima kwa sababu ya pini nyembamba ambayo ingebadilishwa ndani ya dakika chache.

Suala la uzito nitaligusa mara moja. Jumlisha uzito wa kitu na mzigo wake kikiwa kimejaa, kisha gawanya kwa tatu hata kama vitairi ni vinne, kwa sababu kwenye sakafu isiyonyooka kimoja huwa kinaning'inia. Kabati la kilo 60 lenye mzigo wa kilo 90 linakuwa kilo 150, kwa hiyo kila kitairi kiwe na uwezo wa kilo 50. Kumbuka kila lita ya maji ni kilo moja, na mtungi wa gesi wa kilo 15 ukijaa unakaribia kilo 30, kwa kuwa chuma cha mtungi nacho kina uzito wake.

Sasa mpangilio wangu, kuanzia ninachokipenda.

Cha kwanza ni Tente, na sifichi kwamba ndiyo chaguo langu. Ni kampuni ya Wermelskirchen, Ujerumani, iliyoanza mwaka 1923, na vitairi vyake vinajulikana sana kwenye vitanda na toroli za hospitali. Kitairi cha hospitali kimetengenezwa kioshwe kila siku, ndiyo maana shingo yake imezibwa vizuri na pembeni mwa tairi kuna vifuniko vinavyozuia nyuzi na nywele zisijisokote kwenye ekseli. Wenye saluni na mafundi cherehani wanajua nywele na nyuzi zinavyoweza kufunga tairi kama breki. Vipya vya Tente sijaviona kwenye maduka ya Mtwara. Ninavyovikuta ni vya mtumba, vikiwa kwenye toroli na meza za ofisi zilizochakaa. Hata hivyo, cha mtumba chenye shingo iliyozibwa nitakichukua nikiache kipya chenye gololi wazi. Jina limeandikwa kwenye tairi au kwenye mikono, lisome mwenyewe. Na dai risiti. Toroli yenye alama ya hospitali ya umma isiyo na karatasi za kuuzwa, achana nayo, hata bei ikiwa ya kuokota.

Ukikutana na Blickle, Wajerumani wengine wa Rosenfeld walioanza mwaka 1953, nunua bila wasiwasi. Nawaweka nyuma ya Tente kwa sababu tu vya kwao navikuta kwa nadra zaidi.

Cha pili ni kitairi cha stenlesi kisicho na jina kubwa, tairi ya nailoni au ya poliyurethani, ekseli ya bolti. Hapa kuwa macho. Nenda na sumaku, hata ile ya spika mbovu. Ikinasa kwa nguvu kwenye shingo, yaelekea hicho ni chuma kilichopakwa kromu na umeuziwa mng'ao. Isiponasa, au ikinasa kwa unyonge, ni dalili nzuri, ila kazi haijaisha, kwa sababu kuna stenlesi ya daraja la 201 ambayo nayo sumaku haiishiki na bado inashika kutu pwani. Tafuta 304. Anayefanya kazi kwenye soko la samaki au kwenye boti atafute 316, hiyo ndiyo inayovumilia chumvi zaidi. Kisha uliza kuhusu gololi na pini za ndani: mara nyingi mwili ni stenlesi na gololi ni chuma cha kawaida, na hapo umelipa bei ya stenlesi kwa ganda la nje tu.

Kuhusu nailoni na poliyurethani: nailoni ni ngumu, inaviringika kirahisi hata ikiwa na mzigo mzito, haiogopi maji, ila kwenye marumaru inapiga kelele na inaweza kuacha alama. Poliyurethani ni laini zaidi kwa sakafu. Ugonjwa wake ni joto na unyevu. Ile ya aina ya poliesta inavunjwa na maji yaliyomo hewani hadi inanata, kisha inamomonyoka vipande vipande hata ikiwa imekaa kwenye rafu ya duka bila kutumika. Ile ya aina ya poliitha inavumilia. Muuzaji hatakuambia ni ipi, kwa hiyo bonyeza kwa ukucha. Ikinata au ikibaki na shimo, hiyo imeshaanza kuoza, irudishe.

Cha tatu ni kitairi cha zinki chenye ekseli ya bolti, mpira wa kijivu usioacha alama, na ikiwezekana kichuchu cha kupigia grisi kwenye shingo. Hiki ndicho ninachowashauri wengi wenye kipato cha kawaida, kwa sharti kwamba grisi haikosekani. Tumia grisi isiyooshwa na maji, ile wanayotumia mafundi wa injini za boti. Na mkipiga deki kwa maji ya dawa ya klorini, suuza vitairi kwa maji matupu, maana klorini inakula chuma kwa kasi na hata stenlesi haiiachi salama.

Vile vyeusi vya plastiki vya ribiti, vinavyouzwa vinne kwenye mfuko mmoja: kwa kimeza cha televisheni kisichohama, sawa. Kwa biashara, hapana.

Na kama unasukuma kwenye mchanga, kutoka nyumbani hadi kibandani kwako, acha habari ya vitairi kabisa. Funga tairi mbili za upepo za toroli la ujenzi na miguu miwili ya kusimamia. Hakuna kitairi kidogo kitakachovuka mchanga wa Shangani, hata cha Tente.

Kiti cha ofisi kina mambo yake. Pini nyingi ni za milimita 11, ila pima, maana zipo za 10. Vitairi vya viti vipo vya aina mbili: vigumu kwa ajili ya zulia, na laini kwa ajili ya marumaru na simenti. Laini utavijua kwa rangi mbili, ukanda wa nje una rangi tofauti na katikati. Nyumba zetu nyingi ni marumaru na simenti, lakini viti vingi vinavyoletwa vina vitairi vya zulia.

Sasa kuhusu kufunga, maana hapa vitairi vizuri vinauawa siku ya kwanza. Fundi wa kuchomelea atakuambia, mama, nakupigia ulimi hapa hapa, dakika mbili tu. Kataa. Moto wa kuchomelea unachoma zinki, unakausha grisi ndani ya shingo, na ukikaribia tairi unaiyeyusha. Moshi wa zinki nao unamletea fundi homa. Mwambie achomelee bamba nene lenye matundu manne kwenye fremu, kisha kitairi kifungwe kwa bolti na washa. Siku kimoja kikiharibika unakitoa kwa spana bila kurudi gereji.

Kwa kabati refu, weka vinne vyenye shingo inayogeuka ikiwa unalisogeza ndani ya chumba kidogo. Ikiwa unalisukuma umbali mrefu, viwili vya nyuma viwe vya shingo isiyogeuka, litanyooka. Breki ziwe angalau mbili, na chagua breki inayofunga tairi na shingo kwa pamoja. Breki inayofunga tairi peke yake inaliacha kabati linajizungusha mahali lilipo, na kama juu yake kuna karai la mafuta ya moto, usikubali hatari hiyo.

Nimalizie na wauzaji, kwa sababu hili linaniudhi kweli. Kuna duka moja hapa mjini, lilinikataza kufungua mfuko eti ukifungua umenunua. Mtu atajuaje shingo bila kuizungusha? Kwingine kitairi kimepigwa mhuri wa kilo 100, ukiuliza ni kwa kimoja au kwa vinne, kila muuzaji ana jibu lake. Na bei! Katoni ileile ya Kariakoo ikifika Mtwara bei yake inakaribia kuwa mara mbili, na wauzaji wanasema sababu ni usafiri. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Dar es Salaam na Lindi, nilielewa bei kupanda. Barabara ilipopitika tena magari yakarudi, bei haikurudi. Kitairi kinaingia kiganjani. Nauli ya mzigo ya katoni nzima ukiigawanya kwa vilivyomo ndani, haifikii hata robo ya wanachoongeza. Wanaouza kwa katoni wanajua kwamba mama wa maandazi hawezi kupanda basi kwenda Gerezani, Dar es Salaam, kwa ajili ya vitairi vinne.

Kwa hiyo nawaomba mnunue kwa pamoja. Watu watano wenye mahitaji ya aina moja wakamtuma mtu mmoja anayekwenda Dar, kwa picha na vipimo vya bamba: urefu, upana, na umbali kati ya tundu na tundu. Kila mmoja aagize vitano badala ya vinne. Cha tano kipake grisi, kifunge kwenye mfuko wa plastiki usioingiza hewa, kiweke kabatini, kwa sababu kimoja kikifa ukaenda dukani kutafuta kimoja tu, watakuambia hawauzi kimoja kimoja.