Vituo 14 vya Njia ya Msalaba kwa jiwe la Kisii: tathmini ya kazi tuliyoiagiza Tabaka

Jumuiya yetu ndogo ndogo ya Kikatoliki hapa Nyalenda, Kisumu, haina kikanisa chake. Tunasali kwa zamu nyumbani kwa wanajumuiya, na kwa miaka mingi Njia ya Msalaba ya Kwaresima, yaani ibada ya kutafakari mateso ya Yesu kituo baada ya kituo, tuliisali mbele ya picha za karatasi zilizobandikwa ukutani. Picha hizo zilipauka, kona zake zikajikunja, na mwishowe tukawa tunafuata maneno kitabuni bila hata kuinua macho. Ndipo tukachanga fedha na kuagiza vituo vyote 14 vichongwe kwa jiwe laini la Kisii, kila kituo kwenye kibao chake, katika karakana moja ya mji wa Tabaka, huko Kisii. Tumevitumia katika Kwaresima, kwa hiyo naona ninaweza kueleza kwa haki uzuri wake na upungufu wake, ili jumuiya au kigango kingine kinachofikiria kuagiza kijue kitakachopata.

Kutoka Kisumu tulipanda matatu inayopitia Ahero, Sondu na Oyugis hadi Kisii mjini, kisha tukapanda nyingine hadi Tabaka. Anayetaka kwenda asichague Jumamosi, kwa kuwa fundi wetu ni Msabato, kama walivyo watu wengi wa Gusii, na siku hiyo banda lake hufungwa. Kila kibao kilitugharimu shilingi 1,200, yaani 16,800 kwa vyote, na nusu tulilipa mapema kwa M-Pesa. Aliahidi kumaliza kwa wiki nne, zikawa sita, tukaikosa Jumatano ya Majivu, siku Kwaresima inapoanza. Kwa kazi ya ibada yenye tarehe yake, huo ni upungufu ambao siwezi kuufumbia macho.

Jiwe lenyewe hutoka machimboni likiwa na unyevu, laini kiasi cha kukatwa kwa msumeno na kuchongwa kwa patasi na kisu. Baadaye kina mama hulisugua kwa msasa na maji mpaka alama za patasi zipotee, kisha hupakwa nta. Letu ni la rangi ya waridi hafifu lenye mishipa ya kijivu, na katika kibao cha kumi na mbili mshipa mmoja unapita juu ya msalaba kuanzia mkono hadi mkono. Fundi alituambia kwamba alikigeuza kipande hicho mara kadhaa kabla ya kuanza kukichonga, ili mshipa huo uangukie hapo.

Lakini kilichotugusa zaidi ni namna alivyosoma. Mtu huyu hakuwahi kusali Njia ya Msalaba maishani mwake. Tulimpa orodha ya majina ya vituo 14, na badala ya kutafuta picha za kuiga, akaenda kuvitafuta katika Injili. Matokeo yake yanaonekana wazi katika kituo cha tano. Luka 23:26 inasema kwamba Simoni wa Kirene alikuwa akitoka shamba aliposhikwa na kutwikwa msalaba, nasi tumeusikia mstari huo kila mwaka bila kuufikiria. Fundi aliufikiria. Chini ya mguu wa Simoni, katika kona ya kushoto, amechonga jembe lililoachwa chini. Mpini wake haufiki urefu wa kidole changu cha shahada, na bapa la jembe hilo halikusuguliwa kwa msasa, likabaki na ukwaruzo unaofanana kabisa na udongo uliogandia chuma.

Ijumaa ya kwanza tulipofika hapo, katekista alisoma tafakari, tukanyamaza kama kawaida, kisha mama mmoja anayeuza omena akauliza kwa sauti, "Na hilo jembe, nani alilirudisha nyumbani?" Hatukuendelea na kituo cha sita kwa karibu nusu saa. Mwingine akasema kwamba Simoni hakujitolea, alishikwa tu njiani, na yeye pia alishikwa: mama mkwe wake alipougua, wake wenza wa nyumba ile walikwepa, mzigo ukamwangukia, akamuuguza miaka miwili kwa moyo mzito, na tangu hapo amekuwa akijiuliza kama Mungu huhesabu wema uliofanywa kwa kulazimishwa. Mzee mmoja akafungua Marko 15:21, mahali panapomtaja Simoni kuwa baba wa Aleksanda na Rufo, akasema kwamba Marko asingewataja vijana hao kwa majina kama wasomaji wake hawakuwafahamu. Basi mtu aliyebeba msalaba kwa nguvu ya askari, watoto wake walikuja kujulikana kanisani. Yule mama alilia. Nimesali Njia ya Msalaba tangu utoto wangu, na sijawahi kuona kituo kikifanya kazi hiyo.

Mahali ambapo Injili iko kimya, mkono wa fundi ulipungua nguvu. Kuanguka kwa Yesu mara tatu hakumo katika maandiko, ni mapokeo ya ibada, na vibao vya tatu, saba na tisa vinafanana mno: goti lilelile, mkono uleule chini. Vilifanana hata fundi mwenyewe akavibadilishia namba, cha VII akakipa IX, na tuligundua tukiwa bado bandani. Alisugua namba hizo na kuzichonga upya huku tukimsubiri, bila malipo ya ziada na bila maneno mengi, na kwa hilo ninamsifu. Katika kituo cha sita alituuliza Veronika, mwanamke anayesemekana alimfuta Yesu uso kwa kitambaa na sura yake ikabaki humo, anatajwa wapi. Tulipomweleza kwamba ni mapokeo, alimchonga vizuri, ila kitambaa akakiacha kitupu. Wapo waliopenda. Mimi naona uso wa Bwana ulipaswa kuwapo, kwa sababu ndio maana ya kituo chenyewe, na anayeagiza amwambie fundi mapema.

Idadi ya vituo 14 iliwekwa na Papa Klementi XII mwaka 1731, lakini Ijumaa Kuu ya mwaka 1991 Papa Yohane Paulo II alisali pale Colosseum, Roma, vituo vilivyotoka vyote katika Injili. Kama ningeagiza upya kwa fundi huyu, ningemwomba achonge orodha hiyo ya pili.

Kuhusu kutundika: kila kibao kina uzito wa zaidi ya kilo mbili, na matundu ya nyuma yalitobolewa karibu mno na ukingo. Kibao cha kumi kilimeguka kona katika wiki ya pili tulipokitundika kwa msumari. Ukuta wa udongo hauwezi kuvibeba hata kidogo. Seremala wa mtaani ametutengenezea vishikizo vya mbao vya kusimamisha juu ya meza, na hivyo vimetufaa zaidi, kwa kuwa sasa watoto hukaribia na kupapasa.

Tumeshaagiza kibao cha kumi na tano, cha Ufufuko. Juzi fundi alipiga simu kuuliza kama lile jiwe la kaburi lililovingirishwa tunataka alichonge likiwa limesuguliwa, au aliache kama lilivyotoka machimboni. Tumemwambia aliache.