Nzi ndani ya kaharabu za Gdańsk: nilinunua vipande vitatu, kimoja tu ndo nakipendekeza

Hii ni ya wale wanaotaka kaharabu (utomvu wa miti ya kale ulioganda ukawa kama jiwe) yenye mdudu ndani kwa ajili ya kusomea, sio ya kuvaa shingoni. Vipande vyangu nimekaa navyo miezi minne sasa na karibu kila jumapili naviweka chini ya lenzi, kwa hiyo nachoandika nimekiona mwenyewe. Nilivinunua Gdańsk, Poland, mtaa wa Mariacka, ule mtaa wauza kaharabu wamejaa mlango kwa mlango hadi kwenye ngazi za nyumba. Duka silitaji jina maana nina malalamiko mawili.

Cha kwanza kilinitoka zloti 120 (zloti ni pesa ya Poland). Kizuri sana kwa macho, rangi ya asali, kimesuguliwa hadi kinateleza, na kikaratasi chake kimeandikwa "mbu". Nikafika nyumbani nikawasha taa nikaangalia, huyu sio mbu. Mbu ana mrija mrefu mbele ya kichwa na mishipa ya mabawa yake ina magamba, huyu hana mrija, hana magamba, ana vipapasio vya manyoya kama brashi ya kusafishia chupa na miguu ya mbele mirefu. Ni wa ukoo wa Chironomidae, hawaumi mtu, na mnaokaa karibu na Ziwa Victoria mnawajua maana kwenye yale mawingu ya wadudu yanayopanda juu ya maji kama moshi na wao wamo. Kwenye kaharabu ya Baltiki, yaani ya ukanda wa bahari ya Baltiki, hawa ni wengi mno, mbu wa kweli ni adimu, ndo maana neno "mbu" linapandisha bei. Sijui kama muuzaji alidanganya au na yeye aliandikiwa hivyo, ila mtu anayeuza kitu hiki kila siku anatakiwa ajue. Na hata hilo ningesamehe, maana mbu na huyu ni ndugu wa karibu kweli, shida kubwa ni kwamba mabawa yamekunjwa na yamefunikwa na ule ukungu mweupe unaopatikana sana kwenye kaharabu ya Baltiki, kwa hiyo mishipa ya bawa huioni hata ufanyeje, na nzi usiyeona mishipa ya bawa lake ni kama kitabu kilichogandishwa kurasa.

Cha pili kiliniuma zaidi. Kilikuwa cha bei rahisi, kikubwa, chenye rangi ya manjano mpauko, ndani kuna vinzi vinne na mchwa mwenye mabawa. Nikauliza asili yake nikaambiwa kaharabu tu, kaharabu ya zamani. Nikakidondoshea tone moja la asetoni pembeni, nikabonyeza kwa kidole, kikanata na alama ya kidole ikabaki pale. Kaharabu iliyokomaa hainati hivyo. Hii ni sandarusi jamani! Ile ile iliyokuwa inachimbwa kwetu pwani na kusafirishwa kupitia Zanzibar karne ya 19 kwenda kutengenezwa vanishi Ulaya na Marekani, utomvu wa mti wa msandarusi. Siwezi kuapa hii yangu imetoka pwani yetu, Madagaska na Kolombia pia wanayo, ila sandarusi ni sandarusi, umri wake ni mdogo sana ukilinganisha na kaharabu, na wadudu wake ni hawa hawa wa leo. Mimi sandarusi siidharau hata kidogo, ingeuzwa kwa jina lake ningeinunua kwa furaha, inatunza wadudu wa misitu yetu ambayo mingine imeshakatwa. Kosa ni kuiita kaharabu. Na jaribio la maji ya chumvi lisikudanganye, sandarusi nayo inaelea, chumvi inakusaidia kukamata plastiki nyingi tu.

Sasa cha tatu. Zloti 40, kilikuwa kwenye kopo la mabaki karibu na mlango, kimekwaruzika, kina ufa upande mmoja, mwanamke aliyekuwa anauza aliniangalia mara mbili kama nina uhakika. Ndani yake yupo nzi wa kama milimita 4 na bawa moja limefunguka lote. Basi tu. Nilidondosha maji juu yake nikafunika na kikioo chembamba cha hadubini, mikwaruzo yote ikapotea na nikaona ndani kama dirishani. Miguu mirefu myembamba, mishipa ya bawa imenyooka hadi pembeni, na chini ya tumbo kile kiungo cha uzazi cha dume kimekunjwa kuja mbele. Dolichopodidae, nzi wa miguu mirefu, dume, zaidi ya miaka milioni 34, na nywele za mgongoni unazihesabu!

Mtoto wa dada yangu ana miaka 11, akachungulia akaniuliza, "Mjomba, mbona pembe zake fupi kama za nzi wa jikoni?" Na hapo ndo utamu wote ulipo. Yule wa kwanza vipapasio vyake ni vipande vingi kama shanga, kama mbu. Huyu vyake ni vifupi, vipande vichache halafu unywele mmoja, kama nzi wa nyumbani. Ila wote wawili wana vile virungu viwili vidogo nyuma ya mabawa vya kujisawazisha wakiruka. Mtu wa haraka atasema kwa kuwa wote wana virungu, basi undugu ni ule ule. Hapana. Virungu ni urithi wa nzi wote pamoja na mbu, kwa hiyo havikwambii nani yuko karibu na nani. Kinachokwambia ni sifa mpya ambayo baadhi wameipata na wengine hawana. Kanuni hii iliwekwa wazi na Willi Hennig, Mjerumani, kwenye kitabu chake cha 1950, na huyu mzee kazi yake ilikuwa nzi, wakiwemo nzi wa kaharabu ya Baltiki. Kwa njia hiyo unaona kwamba huyu wa zloti 40, hata akiwa mwembamba kama mbu, yuko karibu zaidi na nzi anayetua kwenye ugali wako, na kufupika kwa vipapasio ni mojawapo ya dalili.

Na Hennig huyo huyo kuna kipande kilimpita. Jumba la makumbusho ya viumbe la London lilikuwa na nzi wa kaharabu tangu 1922, Hennig akamwandika 1966 kama nzi wa choo wa leo kabisa, Fannia scalaris, jambo la ajabu kwa umri ule. Mwaka 1993 mtafiti Andrew Ross alikuwa anamwangalia, joto la taa ya hadubini likatoa ufa kuzunguka nzi, ikajulikana kaharabu ilipasuliwa nusu, ikachimbwa, nzi akawekwa, ikagandishwa tena. Kwa hiyo ukinunua zungusha kipande taratibu kwenye mwanga wa pembeni utafute mstari unaozunguka kote, na nyumbani tumia taa ya LED, usikianike juani.

Lenzi ya mara 10 inatosha kuchagulia dukani, nyumbani utahitaji hadubini ya mara 40.

Alama zangu: cha kwanza 2 kati ya 5, cha pili 1, cha tatu 5 bila kusita. Duka lenyewe nalipatia 3 kwa sababu ya lile kopo, na mwezi wa tano nikienda tena Gdańsk nitaanzia hapo mlangoni, nitaomba kiti na nitapitia kimoja kimoja nikitafuta bawa lililofunguka.