Ukiugua katikati ya masomo ya uzamivu (PhD): kuahirisha masomo au kuomba nyongeza ya muda?

Tuseme masomo ni miezi 36, umeugua mwishoni mwa mwezi wa 20, na matibabu ni miezi 6. Ukiahirisha, muda wa matibabu hauhesabiwi. Unarudi ukiwa na miezi 16. Ukitegemea nyongeza, unarudi na 10 tu, kisha unaomba muda ukiwa umeshabanwa, na mara nyingi unalipia ada.

Kuahirisha nako kuna mtego: posho ya mfadhili huweza kukatwa, na kibali cha utafiti tarehe yake haisogei. Soma mkataba kabla ya kujaza fomu.

Cheti cha daktari kitaje tarehe za kuanza na kumaliza mapumziko. Kilichoandikwa “apumzike” pekee hukwama.

Homa ya wiki mbili? Barua kwa msimamizi inatosha. Ugonjwa wa miezi, ahirisha mapema. Maombi ya kurudisha tarehe nyuma hukataliwa kirahisi.