Kanisa la Kilpeck, Herefordshire: zunguka nje kwanza, ndani baadaye

Kanisa la Mtakatifu Maria na Mtakatifu David lililopo Kilpeck, kusini-magharibi mwa mji wa Hereford nchini Uingereza, ni dogo kiasi kwamba mtu anaweza kuingia na kutoka kwa dakika 10. Wageni wengi hufanya hivyo hivyo, kisha wanaondoka wakishangaa sifa zake zimetoka wapi. Kanisa hili husomwa kwa nje. Jipe saa nzima ya kulizunguka, na ubebe darubini ya mikono miwili, hata ile ndogo ya kutazamia ndege.

Lilijengwa yapata mwaka 1140, enzi za Wanormani, watawala waliotoka Normandy, Ufaransa. Ardhi hii ilikuwa mikononi mwa William fitz Norman mwaka 1086, na mwanawe Hugh ndiye aliyelikabidhi kanisa kwa abasia (nyumba ya watawa) ya Gloucester. Inaaminika kabla ya kanisa hili palikuwa na jingine, la Waanglo-Saksoni waliotawala kabla ya Wanormani: nenda kwenye pembe ya kaskazini-mashariki ya ukumbi wa waumini uone mawe makubwa yaliyopangwa kwa mtindo tofauti kabisa na ukuta uliobaki. Hicho ndicho kipande chake, na wengi hukipita bila kukiona.

Anza na mlango wa kusini. Juu yake kuna jiwe la umbo la nusu duara lililochongwa mzabibu, au mti wa uzima kama wengi wanavyousoma, na tao linalolizunguka limejaa vichwa vya viumbe wenye midomo ya ndege. Nguzo za nje zina majoka yanayomezana mikia. Tazama sasa nguzo ya ndani ya kushoto: wapiganaji wawili, mmoja juu ya mwenzake, wamenaswa kwenye matawi, wamevaa suruali zenye mikunjo iliyochongwa mstari kwa mstari. Kofia zao ni za kuchongoka. Upande wa kulia, kwenye kichwa cha nguzo, kuna uso unaotapika majani. Yote haya yako usawa wa macho, kwa hiyo hapa darubini haihitajiki. Kinachohitajika ni mwanga wa ubavuni. Siku ya mawingu mchongo huonekana bapa. Washa tochi ya simu, iweke pembeni karibu na ukuta, umulike kwa ubavu badala ya kumulika usoni, na mistari yote itajitokeza.

Usiguse. Jiwe ni la mchanga, jekundu, na ingawa hili la hapa limethibitika kuwa gumu ajabu, vidole vya kila mgeni hulilainisha kidogo kidogo, na mchongo ukishalika haurudi.

Kutoka hapo zunguka chini ya ukingo wa paa. Vile vichwa vya mawe vinavyojitokeza ukutani viko 85. Inaaminika awali vilikuwa 91. Kuna mbwa na sungura walioketi bega kwa bega kama marafiki wa zamani, mpiga kinanda cha nyuzi, kondoo, na sura ambazo hakuna anayejua ni za nini. Maarufu kuliko vyote ni yule mwanamke wa upande wa mashariki, kwenye ukuta wa nusu duara nyuma ya madhabahu, anayepanua uchi wake kwa mikono miwili huku akikodoa macho. Wako wanaosema ni onyo dhidi ya tamaa za mwili, wako wanaosema ni kinga dhidi ya uovu, na wengine wanazungumzia uzazi. Hakuna hoja iliyoshinda. Kwa maoni yetu anapewa umaarufu kupita kiasi. Watu humpiga picha yeye mmoja na kuwaacha majirani zake 84.

Kuhusu saa: asubuhi jua hupiga upande wa mashariki, mchana upande wa kusini. Lakini adhuhuri ya kiangazi jua huwa juu sana, na ukingo wa paa hutupa kivuli juu ya vichwa hivyo hivyo unavyovitafuta. Upande wa kaskazini haupati jua la maana, hivyo usiusubiri. Ukitaka picha, mawingu mepesi ndiyo bora kwa kuta zote nne. Nyasi za makaburini hulowa, vaa viatu visivyopitisha maji.

Ndani kuna giza kiasi, ila tao la kuelekea madhabahuni linastahili. Kila upande watakatifu watatu wamepangwa wima, mmoja juu ya mwingine, na mmoja wao ameshika ufunguo wa Petro. Mpangilio huu unafanana na ule wa Santiago de Compostela, Hispania, na huenda si bahati nasibu: Oliver de Merlimond, aliyejenga kanisa la Shobdon katika wilaya hii hii kwa mafundi wa mtindo ule ule, alikwenda hija huko. Usipite bila kuona birika la maji ya baraka lenye umbo la tumbo lililokumbatiwa na mikono miwili.

Hakuna tiketi; kuna mchango wa hiari, na paa haliezekwi kwa pongezi. Tatizo kubwa ni usafiri. Treni kutoka London hufika Hereford kwa takriban saa tatu, lakini kijijini ni kilomita kama 14 zaidi kwa barabara ya A465, kisha vichochoro vyembamba ambapo magari mawili hayapishani bila mmoja kurudi nyuma. Basi usilitegemee. Bila gari, kodi teksi na uafikiane na dereva bei ya kusubiri kabla hujaondoka mjini.

Nyuma ya kanisa, upande wa magharibi, panda kilima cha ngome iliyobomoka; dakika chache tu, kisha endelea na safari. Siku ikiwa bado ndefu, nenda Shobdon. Matao ya kanisa lile yalitolewa nje katika karne ya 18 na kusimamishwa bustanini kama pambo, na mvua imeyala hadi nyuso hazitambuliki, ingawa ni kazi ya mafundi wa mtindo ule ule. Ukitaka kuona mkono wao ukiwa mzima, pita kanisa la Eardisley: kwenye kisima cha ubatizo wapo wapiganaji wawili wenye suruali zile zile za mikunjo, mmoja akimchoma mwenzake mkuki mguuni.