Bima kubwa, tawi la mwembe na thamani niliyoiandika mwenyewe: uzoefu wangu Tabora

Nilipolikatia gari langu bima kubwa, ile inayolipia hata uharibifu wa gari lako mwenyewe, hapa Tabora mjini, lilikuwa limetembea kilomita 9,000 tu, na sokoni lilikuwa na thamani ya shilingi milioni 38. Kwenye fomu niliandika milioni 32. Nilitozwa asilimia 3.5 ya thamani, na juu yake VAT ya asilimia 18, hivyo kwa kupunguza zile milioni sita niliokoa shilingi 247,800, nikatoka ofisini nikijiona mjanja.

Mji wetu una miembe mikongwe, na kila mwenye gari huwania kivuli chake. Mvua za Novemba zilipoanza, upepo ulikata tawi nene kuliko paja langu, likaliangukia gari juu ya mlango wa dereva. Boneti na taa hazikupata hata mkwaruzo, na injini iliwaka mara moja. Hata hivyo paa lilikuwa limebonyea hadi likagusa kiegemeo cha kichwa, nguzo ya katikati ya milango imepinda, na maembe machanga yamezagaa kitini pamoja na vipande vya kioo.

Fundi bodi wa mtaani kwetu alizunguka mara mbili, akasema, “Mwalimu, nipe milioni tatu na wiki moja, litanyooka.” Asesa wa bima, yaani mkaguzi wa uharibifu, alikataa, na ninakiri kwamba alinieleza kwa subira: nguzo hiyo ndiyo inayobeba paa gari linapopinduka, na mfuko wa hewa uliokunjwa ndani ya ukingo wa paa, ukishabanwa namna ile, hubadilishwa pamoja na nyaya zake. Gereji aliyoiteua ilikadiria milioni 22.4.

Hapo ndipo ujanja wangu uliponirudia. Mkataba wangu unasema kwamba matengenezo yakizidi asilimia 60 ya thamani iliyokatiwa bima, gari huhesabiwa kuwa hasara kamili. Kwa milioni 32 nilizoandika, makadirio yalifika asilimia 70. Kwa milioni 38 yangeishia chini kidogo ya 59, na gari langu lingetengenezwa. Badala yake nililipwa milioni 32, ikakatwa eksesi (sehemu ya hasara anayobeba mteja mwenyewe) ya asilimia 10, nikabaki na milioni 28.8, na mabaki yakawa mali ya kampuni.

Kuhusu huduma yenyewe sina lawama kubwa. Malipo yalichukua wiki saba, ambazo tatu ziliishia kusubiri ripoti ya makadirio, na simu zangu zilipokelewa, ingawa hakuna aliyenipigia kwanza. Ninacholalamikia ni kwamba siku ya kukata bima wakala alinitazama nikiandika thamani pungufu bila kunieleza kitakachotokea. Yeye alijua, mimi sikujua. Gari nililonunua baadaye ni kuukuu zaidi, nimelikatia kwa kampuni ileile, na kabla ya kujaza fomu nililipeleka kwanza kwa mthamini.