Uzoefu wangu: kuandikia blogu ya kampuni ya utalii Pwani, kabla na baada ya kubadilika kwa menejimenti

Kampuni yenyewe siitaji. Wanaoandika kwa mkataba hapa Mombasa wataibaini wakisoma aya mbili tatu, na wasioijua hawatapungukiwa na kitu. Ninachopima hapa ni kazi: kuandika makala za blogu kwa kampuni inayouza safari za Pwani, kuanzia Lamu hadi Vanga, nikiwa mwandishi wa kujitegemea na si mwajiriwa. Chini ya menejimenti ya kwanza ningeipa nyota nne na nusu bila kusita. Chini ya ile ya pili naipa moja, na hiyo moja ni kwa sababu pesa zangu hatimaye zilitoka.

Kazi niliipata kwa njia ya kawaida ya hapa kwetu, mtu alimwambia mtu. Mkataba ulikuwa wa ukurasa mmoja: shilingi 3 kwa neno, jina langu juu ya kila makala, malipo kabla ya tarehe 5 ya mwezi unaofuata, notisi ya siku 14 kwa upande wowote. Shilingi 3 si pesa ya kujengea nyumba, lakini katika soko ambalo ukikataa nusu shilingi kwa neno unaambiwa kuna foleni nyuma yako, hiyo ilikuwa bei ya heshima. Tena ililipwa kwa wakati. Tarehe 4 jioni simu inalia, M-Pesa imeingia, na hakuna aliyekuwa amekumbushwa.

Hata hivyo, kilichoniweka pale hakikuwa bei. Alikuwa mhariri, mama mtu mzima wa Mji wa Kale, ambaye hakuwahi kunisifu kwa uandishi mzuri. Yeye alikuwa akiuliza tu. Niliwahi kuandika mwongozo wa kusafiri kwa treni ya SGR kutoka Nairobi, nikamalizia kwamba ukishuka Mombasa “mjini ni karibu”. Stesheni yenyewe iko Miritini, nje ya mji. Makala ilirudi na maandishi yake pembeni: “Karibu kwa nani? Mtu kashuka Miritini usiku, ana watoto wawili na begi limekatika mkono. Mwambie apande nini, alipie wapi, na asikubali kutozwa ngapi.” Ikabidi niende Miritini treni ya mchana inapoingia, nisimame na makanga na madereva wa tuktuk, niulize bei za kweli na bei za mgeni. Aya iliyotoka hapo ndiyo iliyosomwa zaidi kuliko yote niliyowaandikia. Watu walikuwa wakipiga ofisini kuuliza safari nyingine kwa sababu wameiona ile ya stesheni ikawasaidia.

Akiridhika aliniita mwanangu. Akikasirika nilikuwa “ndugu mwandishi”, na hapo nilijua kuna kitu sijakikagua. Makala ya magofu ya Gedi ilirudi mara kadhaa. Nilikuwa nimejaza “ya kale”, “ya ajabu”, “yenye historia ndefu”. Alifuta yote matatu, akaniambia niende kwenye lile kaburi lenye tarehe, nisimame mbele yake, niandike kwamba limechongwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, kisha nimwache msomaji ashangae mwenyewe. Sijapata kufundishwa uandishi chuoni namna hiyo.

Kisha wenye kampuni wakauza sehemu kubwa ya hisa kwa wawekezaji wa Nairobi. Sisi waandishi tuliarifiwa kwa barua pepe iliyojaa maneno ya furaha. Mhariri aliondoka kabla hatujajua anaondoka, akaniachia ujumbe mfupi wa kunitakia heri, na siku chache baadaye tukaingizwa kwenye kikundi cha WhatsApp na kijana mmoja mwenye cheo cha meneja wa maudhui. Salamu yake ya kwanza ilikuwa “Habari timu”, ikifuatwa na jedwali.

Nisiwaonee. Jambo la kwanza walilodai lilikuwa halali kabisa. Tangu Januari 2024, kwa mujibu wa Sheria ya Fedha ya 2023, gharama ambayo haina ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, kampuni haiwezi kuitoa inapopiga hesabu ya kodi ya mapato. Mhasibu wa zamani alikuwa mtu wa Mungu lakini vitabu vyake vilikuwa ni picha za ujumbe wa M-Pesa. Wapya wakasema kila mwandishi ajisajili KRA, atoe ankara ya eTIMS, na wao watakata kodi ya zuio ya asilimia 5 na kutuletea cheti. Wenzangu walilalamika sana kwenye kikundi. Mimi nilijisajili, ni bure, na ile asilimia 5 ukiwa na cheti chake unaihesabia unapowasilisha ritani. Mteja anayekata kodi na kukupa cheti ni bora kuliko yule anayekata na kunyamaza. Katika hili wapewe haki yao.

Yaliyofuata ndiyo yaliyonishinda. Bei ikageuzwa kutoka kwa neno kuwa kwa makala: shilingi 1,200 kwa makala ya maneno 1,500. Piga hesabu mwenyewe, ni senti 80 kwa neno. Ikaja na orodha ya maneno ya utafutaji, yale watu wanayoandika Google, ambayo lazima yaingie, na idadi ya mara. “Hoteli nafuu Diani” mara saba. Jaribu kuandika sentensi saba za Kiswahili zenye “hoteli nafuu Diani” bila kufanana na mpiga debe wa Likoni aliyekesha. Nilipouliza kama naweza kueleza kwamba barabara ya Dongo Kundu ilipofunguliwa, mwenye gari anayetoka Miritini kwenda Diani halazimiki tena kupanga foleni ya feri, jambo ambalo kwa mgeni ni saa nzima ya maisha yake, niliambiwa hilo halimo kwenye orodha.

Hapo bado nilikuwa navumilia. Nilipunguza idadi ya makala, nikachukua zile nilizozijua kwa kichwa ili zisinigharimu nauli.

Kilichovunja mambo ni ile makala ya SGR. Nauli ya daraja la kawaida kati ya Nairobi na Mombasa ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 kuanzia Januari mosi 2024, na daraja la kwanza kutoka 3,000 hadi 4,500. Nilikuwa nimeirekebisha makala yangu wiki ile ile, na kuongeza namna ya kukata tiketi kwa *639#. Miezi kadhaa baadaye binamu yangu wa Kitengela akanipigia akicheka kwa uchungu. “Kaka, ni wewe umeandika stesheni ya Mombasa iko katikati ya jiji na nauli ni elfu moja? Nimekuja na elfu moja ya kila mtoto.”

Nikafungua. Juu kabisa, jina langu na picha yangu. Chini yake, aya ya Miritini imeondolewa yote, tuktuk na makanga wameondoka nayo, na mahali pake pamewekwa kitu laini kinachoanza na “Mombasa ni jiji la kuvutia lenye utamaduni tajiri na fukwe za kupendeza”. Nauli ya zamani. Stesheni imehamishiwa mjini. Mtu aliyewahi kutoka Miritini kwa miguu akiwa na begi asingeweza kuandika sentensi ile hata akilewa.

Meneja alinijibu kwa utulivu, nampa hilo. Akaeleza kwamba makala zote za zamani zinapitishwa kwenye akili unde ili “zipate uhai mpya”, na kwamba waandishi ndio wanaotakiwa kuzikagua, shilingi 300 kila moja. Nilimwuliza ni nani aliyenitumia ile niikague. Hakuna. Nikamuuliza kwa nini basi ina jina langu. Akasema jina langu lina historia nzuri kwenye mfumo.

Sina ugomvi na akili unde. Naitumia kupanga mahojiano na kunasa makosa ya chapa. Lakini haijawahi kushuka Miritini, na kama hakuna anayeisahihisha, inabaki kusema mambo ya kila mji duniani. Nilimkumbusha pia kwamba Machi 2024 Google walitangaza sera dhidi ya kurasa zinazozalishwa kwa wingi ili tu zipande kwenye matokeo ya utafutaji, ziwe zimeandikwa na mtu au mashine. Kwa hiyo hata kwa lengo lake mwenyewe alikuwa anajichimbia. Alijibu kwa kidole gumba.

Nilimpa nafasi moja zaidi, na sikuiita hivyo mbele yake. Julai 2024 Gedi iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Pwani yetu ilikuwa tayari na Mji wa Kale wa Lamu tangu 2001, misitu mitakatifu ya Kaya ya Mijikenda tangu 2008 na Fort Jesus tangu 2011. Kampuni inayouza safari za Pwani, habari kama hiyo imeletwa mlangoni kwenye sinia, na wiki hiyo Gedi ilikuwa kwenye kila redio. Nikapendekeza makala ya ziara ya siku moja: Gedi asubuhi, msitu wa Arabuko-Sokoke, jioni Watamu. Nilisema nitaiandika kwa bei yao ile ile. Jibu: “Haina watafutaji wa kutosha. Fanya hoteli nafuu Watamu.”

Usiku huo nikaandika notisi ya siku 14, kama mkataba ulivyosema. Barua fupi, ya adabu, hakuna kumwaga nyongo. Nilitaja mambo matatu: siku yangu ya mwisho, ankara ambazo hazijalipwa, na ombi kwamba jina langu litolewe kwenye kila makala iliyobadilishwa bila mimi kuiona.

Sehemu hii ya kuachana ndiyo naona watu wanaihitaji, kwa hiyo niiseme kwa kina. Kuhusu pesa, waliniambia kuna “utaratibu mpya” wa kulipa baada ya siku 60. Utaratibu mpya haufuti mkataba wa zamani ambao haujabadilishwa kwa maandishi. Mwandishi wa kujitegemea halindwi na Sheria ya Ajira ya 2007 kama mwajiriwa, hivyo usipoteze muda kwenda ofisi ya leba. Lakini Kenya ina Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi Milimani mwaka 2021, na hata Mombasa ipo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, sheria inataka uamuzi ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia bila wakili. Niliwaandikia nikanukuu kifungu cha mkataba, nikaambatanisha ankara za eTIMS (ile kazi yao nzuri ikanifaa mimi), nikawapa siku 7 kabla ya kufungua madai. Pesa ziliingia siku ya 6, usiku, bila salamu.

Kuhusu makala zenyewe, hapa wengi hushangaa. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya Kenya kinasema kazi iliyoagizwa inahesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa kama mmekubaliana vinginevyo. Maana yake makala ni zao na siwezi kuzidai. Lakini kifungu cha 32 kinambakishia mwandishi haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mwandishi, na haki ya kupinga kazi yake kupotoshwa kwa namna inayoharibu heshima yake. Hicho ndicho nilichowaandikia, kwa utulivu huo huo wa meneja.

Wakatoa jina langu. Kwenye makala zote, hata zile nzima ambazo hazijaguswa, pamoja na ya Gedi. Sasa zimeandikwa na “Timu Yetu”. Sijui kama ni hasira au ni uvivu wa kuchagua moja moja; nikimfikiria yule kijana na jedwali lake, naelekea kwenye uvivu. Bahati ni kwamba tangu mwanzo nilikuwa na mazoea ya kuhifadhi kila makala kama PDF siku inapotoka, ikiwa na tarehe na jina. Hizo ndizo ninazoonyesha wateja wapya.

Je, ningemshauri mtu achukue kazi hii leo? Tangazo lao bado linazunguka na bei imeshuka hadi shilingi 1,000 kwa makala. Mwanafunzi wa chuo anayetafuta pesa ya bando anaweza kuichukua, ajifunze kutoa ankara ya eTIMS na kufuata tarehe za mwisho, mradi aombe makala zake zitoke bila jina tangu siku ya kwanza. Mwandishi mwenye jina tayari asisogee. Na yeyote atakayeitwa kwa mahojiano aulize nani atakayeisoma makala kabla haijatoka. Kama jibu ni jina la mtu, aulize zaidi, huenda mambo yamebadilika. Akitajiwa programu, arudi zake kwa matatu ya kwanza.